Pikapu ya aliminiumu si sufuria

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaotungojea nyumbani,

Tangu watu wasikie kwamba pikapu za tole ya aliminiumu zinaweza kuletwa kwenye kazi za madini, maneno yamekuwa mengi hapa Bengamisa. Wengine wanasema ni motokari ya sufuria, ikigonga mti itajikunja sawa karatasi. Wengine wanasema inavuta radi. Wengine tena: moto kidogo tu, imeyeyuka. Na wanatuomba sisi wa sendika tukatae. Sisi tunajibu: kama ni kukataa, tukatae juu ya sababu ya kweli. Patro akituona tunapigania uvumi atacheka, na lile neno la kweli halitasikilizwa.

Tuanze na sufuria. Zile za kwetu, fundi anayeyusha pistoni za zamani, mikebe na vipande vya moteri, vyote pamoja. Aliminiumu ya motokari inachanganywa kwa kipimo, na tole yake inafanywa nene kuliko ya chuma. Ford F-150 ya mwaka 2015 ndiyo pikapu ya kwanza ya mwili wa aliminiumu kuuzwa kwa wingi sana, na shasi yake ilibaki chuma. Tena si jambo jipya. Land Rover za kwanza, mwaka 1948, zilipewa tole ya aliminiumu kwa sababu Uingereza ilikosa chuma nyuma ya vita. Wazee waliozipanda wanajua kama zilipita matope ao hapana.

Radi nayo haichagui chuma ao aliminiumu. Ukiwa ndani ya kabine, milango na vioo vimefungwa, umeme unapita juu ya tole na kushuka chini. Aliminiumu inafanya kazi ile sawa chuma. Mwenye hatari ni yule aliyekaa nyuma, juu ya mifuko, kichwa hewani.

Na moto? Kweli, aliminiumu inayeyuka kwa digri 660, chuma kwa karibu 1500. Lakini moto ukifika pale, mtu aliye ndani amekwisha kufa zamani. Tuogope zaidi bido za esansi zinazopakiwa pamoja na watu, waya zilizofungwa ovyo, na motokari isiyo na chombo cha kuzima moto.

Sasa yale ya kweli.

La kwanza ni mawe. Mwaka 2016 Chevrolet ilionyesha tangazo: wanaangusha matofali ya mawe ndani ya pikapu mbili. Sanduku la aliminiumu la Ford lilitoboka, lao la chuma likabonyea tu. Ni mchuuzi anayesema vibaya mali ya mwenzake, hatumfanyi mwamuzi. Lakini sisi ndio tunaotupa mawe, beshi na mitalimbo ndani ya motokari kila siku. Tole ile inahitaji mbao ao mpira mzito chini.

La pili ni matengenezo. Aliminiumu haioti kutu nyekundu, lakini pale inapogusana na chuma, maji ya matope yakiingia katikati, inaliwa polepole. Tena haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo fundi wa kusude hapati onyo: anaangalia, mara tundu. Inataka mashine yake, gazi ya argoni, na mtu aliyejifunza. Akiipiga na bageti ya kawaida ya chuma, ataharibu. Patro anayenunua atuambie kwanza fundi huyo yuko wapi Kisangani, na nani atalipa siku ambazo motokari imelala na watu wanatembea kwa miguu.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi. Ford ilitangaza kwamba imepunguza uzito mpaka karibu kilo 300. Ni vizuri kwa esansi. Lakini tunajua hesabu ya kwetu: kilo 300 zikitoka kwenye tole, kesho zitarudishwa kwa mifuko mingine na watu wengine watano juu yake. Kwenye barabara ya Buta, ndani ya mashimo yale, mtu aliyeshikilia kamba hatauliza tole ni ya nini wakati anaanguka. Chuma hakikumlinda jana, aliminiumu haitamlinda kesho.

Kwa hiyo hatukatai aliminiumu, hatuisifu pia. Tunaomba mambo manne: benchi zilizofungwa kwa shasi, na mikaba ya kila mtu, watu na mawe wasisafiri pamoja, uzito wa mwisho uandikwe kwenye mlango, na shofa asiadhibiwe akikataa kuupita, na fundi ajulikane kabla motokari haijanunuliwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaweka komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Mambo haya manne yaandikwe pale, na sahihi ya patro chini.

Na ninyi mama, baba akirudi jioni, musimuulize kama motokari ni ya chuma ao ya sufuria. Mumuulize alikaa wapi.