Kolye ya durite si kolye ya bomba la moshi

Kuna desturi moja iliyoota mizizi kwenye magaraje ya Lubumbashi, na imefika wakati itajwe kwa jina lake. Bomba la moshi la taksibisi linapokatika, fundi analifunga kwa kolye ya durite, ile yenye mkanda mwembamba na visi moja pembeni, iliyotengenezwa kushika mpira wa maji kwenye radiatere. Kolye isipopatikana, anachukua waya na kipande cha kopo la maziwa. Dereva anawasha injini, kelele imepungua, analipa, anarudi parkingi. Gari limepona, wanasema.

Gari halijapona. Kilichopungua ni kelele. Moshi unaendelea kutoka palepale, chini ya miguu ya abiria 15 au 20 wanaorudi Katuba, Ruashi ama Kampemba wakiwa wamefunga vioo kwa sababu ya vumbi.

Wanaotetea desturi hii wana neno moja: ni kelele tu, haiui mtu. Neno hilo ni la uongo, na mji huu ungepaswa kulijua kuliko mji mwingine wowote. Kila mama wa Lubumbashi anajua kwamba mbabula ya makala hailali ndani ya nyumba iliyofungwa. Anajua kwa nini: watu hulala na hawaamki. Hewa inayoua kupitia mbabula inaitwa monoksidi ya kaboni, na ndiyo ileile inayotoka kwenye bomba la injini ya esansi. Haina rangi wala harufu. Harufu tunayoisikia kwenye moshi wa gari ni ya vitu vingine vilivyomo. Ikiingia mwilini inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu iliyobeba hewa hiyo haina tena nafasi ya kubeba uhai. Mtu anaweza kukaa ndani yake saa nzima asijue.

Anachosikia ni kichwa kinachogonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu isiyo na nguvu. Hapa Katanga dalili hizo zina jina moja tayari, nalo ni malaria. Abiria anashuka, anameza dawa, analala, kesho anapanda gari lilelile. Mtoto akitapika njiani, wanasema hajazoea safari. Lakini malaria haishiki watu wanne kwenye benchi moja kwa saa moja, kisha ikawaachia baada ya kushuka na kupigwa na upepo. Kama kichwa kiliwauma wote ndani ya gari na kikapoa nje, wa kwanza kupimwa ni gari. Na aliyezimia au anayesema maneno yasiyoeleweka, atolewe nje upesi na apelekwe hospitali kwenye oksijeni. Maziwa hayamsaidii.

Sasa tazama gari lenyewe. Kwenye HiAce nyingi zinazofanya kazi mjini, injini imelala chini ya viti vya mbele. Mwanzo wa bomba la moshi, mahali penye joto kali na moshi mchafu kuliko pote, uko karibu kabisa na anayekaa kando ya dereva. Kiti hicho mara nyingi hupewa mama mwenye mtoto mchanga, kwa heshima. Kifuniko cha injini kikiwa kimepoteza mpira wake, na sakafu ikiwa imeliwa na kutu, heshima hiyo inageuka kuwa adhabu. Magari haya yalichoka Japani kabla ya kupanda meli kuja Dar es Salaam. (Yana usukani wa kulia, kwa hiyo mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara, kwa kuwa Kongo hutembea mkono wa kuume. Hiyo ni aibu nyingine, itasubiri siku yake.) Pale ambapo katalizeri, kile kifaa cha kusafisha moshi, kilitolewa na kuuzwa kwa ajili ya platini na paladi iliyomo, sumu inayofika kwenye maunganiko ni nyingi zaidi.

Kwa hiyo swali la kolye gani inafunga wapi si la mafundi peke yao. Na jibu lake si gumu.

Kolye ya durite inabana mpira. Mpira ni laini, unakubali kuminywa na kujaza nafasi. Bomba ni chuma. Haliminyiki kwa mkanda mwembamba wa visi moja. Joto likipanda, mkanda unatanuka na kulegea, baada ya siku chache unazunguka wenyewe kwenye bomba kama bangili kwenye mkono wa mgonjwa. Fundi anayeufunga pale anajua hivyo. Haukuwekwa uzuie moshi, uliwekwa udumu hadi dereva afike nje ya lango la garaje.

Ya pili ni kolye ya herufi U: chuma cha mviringo chenye ekru mbili na kitako chake. Hiyo ni ya bomba la moshi kweli, lakini ina mahali pake. Inafanya kazi pale bomba moja linapoingia ndani ya lingine, kwa sentimita 4 au 5 walau, na kolye ikakaa juu ya sehemu hiyo iliyoingiana. Mabomba mawili yanayogusana midomo tu, kolye ya U haiwezi kuyashika. Na fundi anayekaza kwa nguvu zake zote, akidhani nguvu ndiyo dawa, analiponda bomba likawa na umbo la yai. Moshi unapita kwenye mbavu zake mbili. Siku ya kubadilisha kipande, hakitoki tena. Kinakatwa, na mwenye gari analipa mara ya pili.

Ya tatu ndiyo inayostahili kuombwa: kolye pana, mkanda wa upana wa vidole viwili au vitatu na zaidi, wenye buloni nene. Inabana kuzunguka bomba lote bila kuliponda. Kuna ya mabomba yaliyoingiana, na kuna ndefu yenye mfano wa mkono wa shati, kwa mabomba ya unene mmoja yanayokutana midomo. Ikiwa ya inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, itavumilia mvua za Novemba hadi Machi, wakati bomba la moto linaporushiwa maji ya kila shimo barabarani. Ni ghali kuliko ya durite. Lakini dereva anayefunga kolye ya durite kila baada ya wiki mbili, afanye hesabu yake mwenyewe jioni moja bila kudanganywa na mtu.

Ukubwa nao si wa kukisia kwa jicho. Kolye za bomba huandikwa kwa milimita, na kipimo ni cha nje ya bomba, si cha tundu lake. Asiye na chombo cha kupimia azungushe uzi kwenye bomba, aupime uzi kwa rula, agawe kwa 3.14. Uzi wa milimita 160 ni bomba la 51. Kolye ikikazwa hadi midomo yake miwili ikagusana na bomba bado linacheza, hiyo ni kubwa mno, hata muuzaji akiapa.

Kuna mahali ambapo kolye yoyote haifai. Bomba linapotoka kwenye injini, hufungwa kwa uso wa chuma, juenti na buloni, na kwenye magari mengine buloni hizo zina springi ili injini iweze kutikisika. Juenti ikiungua pale, inawekwa nyingine. Anayezungushia kolye au kumwagia mastiki mahali hapo anaficha jeraha karibu na pua ya abiria. Mastiki ni kwa ufa mdogo, juu ya chuma kilichosafishwa kutu, huku kolye ikiwa ndiyo inayoshika. Bomba lililooza haliponi kwa mastiki.

Na kabla ya kolye, mpira. Bomba lote limening'inizwa chini ya gari kwa mipira. Barabara zetu huikata. Ikikatika, uzito wote wa masileshe unalala kwenye maunganiko, na kila shimo ni pigo la nyundo. Hapo hata kolye ya bei kubwa itaachia, kisha watu watasema kolye zote ni sawa. Hazikuwa sawa; aliyezifunga hakuangalia juu.

Mafundi wana utetezi wao, na sehemu yake ni ya kweli. Wanasema kazi sahihi ni kuunganisha kwa moto, lakini umeme wa SNEL unakatika, na mteja hasubiri. Ni kweli umeme unakatika. Lakini moto nao si dawa ya kila kitu: chuma chembamba kilicholiwa na kutu kinatobolewa na moto wa sudire, na tundu moja linageuka matatu. Kukata kipande kilichooza, kuingiza bomba zima na kulifunga kwa kolye pana ni kazi isiyohitaji umeme hata kidogo, ila msumeno, faili na ufunguo. Wanasema pia kwamba dereva ndiye anayeagiza ya bei rahisi. Hilo nalo ni kweli, na dereva naye atamtaja mwenye gari anayedai versema yake kila jioni. Kila mmoja ana wa kumwonyesha kidole. Asiye na wa kumwonyesha ni yule aliyeketi juu ya tundu, ambaye hakuulizwa.

Polisi wa rulaje nao wana sehemu yao. Gari husimamishwa, karatasi huombwa: kadi ya pinki, bima, kontrole tekniki. Karatasi hazitoi moshi. Ukaguzi wa gari la abiria ambao hakuna aliyeinama kutazama chini yake ni mhuri tu, hata ukiwa na saini tatu. Haihitajiki mashine kutoka Ulaya. Bomba linalovuja huacha alama nyeusi ya masizi kuzunguka maunganiko, na alama hiyo mtoto wa shule anaweza kuiona.

Wanaolipa zaidi ni jamaa zilizokimbia vita. Waliotoka Pweto na Mitwaba miaka ya ile iliyoitwa pembetatu ya kifo wanakumbuka jinsi walivyoingia mji huu: watoto, magodoro, sufuria na mbuzi ndani ya gari moja, kwa saa nyingi. Na leo wanaosafiri kati ya Lubumbashi, Kasomeno na Pweto, kurudi kutazama mashamba au kuleta ndugu waliobaki, husafiri vilevile. Hawachagui gari. Wanapanda linalokubali mizigo, na linalokubali mizigo mara nyingi ndilo lililochoka.

Kuna jambo kwenye safari hizo ambalo karibu kila mtu huliona la kawaida. Magodoro yakizidi, mlango wa nyuma haufungwi, unafungwa kwa kamba, nusu wazi, na watoto wanawekwa nyuma juu ya mizigo kwa sababu "kule kuna upepo." Upepo upo, lakini unavuta kwenda ndani. Gari linalokimbia huacha nyuma yake nafasi inayonyonya hewa, na moshi wa bomba unarudi kupitia mlango huo hadi kwa watoto. Hili hutokea hata bomba likiwa zima. Bomba likiwa limekatika katikati, au mkia wake ukiwa mfupi usiofika mwisho wa bodi, moshi unaingia kutoka pande mbili. Mizigo ipande juu ya karié, mlango wa nyuma ufungwe, vioo vya mbele vifunguliwe, na mtoto asilale nyuma. Mama anayesema "Papa dereva, watoto wangu hawakai nyuma" asichekwe parkingi. Amesema neno la akili.

Wakubwa wa parkingi, wale wanaopokea franka za kila gari linalopakia, wanaweza kuanza bila kusubiri Kinshasa wala gavana. Ndoo moja ya maji ya sabuni, kitambaa na mtu asiyeogopa kuchafua shati. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, gari linawashwa, mmoja anaziba mkia wa bomba kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi, mwingine anamwagia sabuni kwenye kila unganiko. Penye mapovu pana tundu. Kolye mpya irudiwe kukazwa baada ya safari ya kwanza, bomba likishapoa, kwa kuwa chuma hulegea kikishaonja joto. Kazi yote haifiki dakika 10, na gari lenye mapovu lisipakie hadi lirudi na kolye inayofaa.