Darubini ya bunduki: tununue ya kuona vizuri, si ya kupiga mbali

Hapa Kolwezi, mtu akipata pesa ya mgodi na bunduki ya kuwinda, swali linalofuata ni darubini gani aiweke juu yake. Wengi wanachagua ile inayokuza zaidi. Kwa maoni yangu, wanakosea.

Pori la Lualaba ni miombo. Wakati wa mvua majani yanarefuka, miti inabanana, na mnyama anaonekana akiwa karibu. Darubini inayokuza mara 16 inaonyesha kipande cha ngozi tu. Mwindaji haoni kilicho pembeni. Na pembeni kuna watu: wachoma makala, wakulima, akina mama wanaookota uyoga. Inayokuza mara 1 hadi 4 inatosha. Pesa inayobaki inunue risasi za kuisawazisha, maana isiposawazishwa, hata ya bei kali itajeruhi mnyama bure, aende kufia mbali.

Zile za kuonea usiku tuzikatae kabisa. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, lakini nani atakikagua porini saa nane ya usiku? Upemba, hifadhi tangu 1939, ndiko wamebakia punda milia wa mwisho wa nchi yetu. Hawawezi kushindana na chombo kinachoona gizani.

Wenye mamlaka ya jimbo wanaposajili bunduki, waandike pia darubini yake. Nawe mwindaji, kama hujatambua unachokiona, ondoa kidole.