Sebule Zetu na Upepo wa Wengine

Imezuka desturi, hasa miongoni mwa vijana wetu wasomi, ya kutafuta mafundisho ya Kichina yaitwayo fengi shui kila wanapotaka kupanga sebule. Huambiwa kwamba kochi liegemee ukuta imara na kuuona mlango, kioo kisitazamane na lango kuu, na maji yawekwe pembe fulani ili mali iingie. Hapa Tukuyu tumewaona watu wazima wakihamisha makabati, dira mkononi. Hatuwacheki. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine limepungukiwa na akili. Tunachopinga sisi ni kumeza jawabu la mtu bila kujua aliulizwa nini.

Maana ya fengi shui ni upepo na maji, basi. Wachina wa kale walipenda nyumba iupe mlima kisogo na ielekee kusini. Kwao jambo hilo lina akili kabisa: nchi yao iko kaskazini ya ikweta, baridi kali huvuma kutoka kaskazini, na jua la majira ya baridi hupita upande wa kusini. Rungwe iko kusini ya ikweta, yapata digrii 9. Mwezi wa Juni, meno yanapogongana kwa baridi, jua la adhuhuri liko kaskazini, na pepo za kusi zipandazo kutoka Ziwa Nyasa zinatuletea ukungu na manyunyu. Anayetoboa dirisha kubwa la kusini kwa kutii kitabu ameukaribisha unyevu sebuleni na kulifukuza jua. Mwalimu wa jiografia na asimamishe kijiti uani saa sita mchana, wanafunzi wake waone kivuli kinalala upande gani.

Linalotuuma zaidi ni kwamba wazee wa hapa hawakuhitaji kufundishwa habari ya nyumba nzuri. Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akastaajabia nyumba za Wanyakyusa: kuta za mianzi, paa la nyasi, uwanja uliofagiliwa, migomba yenye kivuli. Baadaye Godfrey na Monica Wilson, walioishi na watu hawa miaka ya 1930, waliandika habari za neno *ukwangala*, yaani ile raha ya kukaa na wenzako, mkila, mkinywa na kuzungumza. Chumba kilikuwa kizuri kwa sababu ya mazungumzo yaliyokuwamo. Hatusemi turudi huko kote. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, na *ukwangala* wa wanaume uliandaliwa kwa jasho la wanawake ambao aghalabu hawakuketi nao. Hayo na yabaki yalikobaki.

Lakini tumeweka nini mahali pake? Tumeweka sebule ya kufungwa kwa ufunguo. Makochi manene yamefunikwa vitambaa, kabati la vioo limejaa vikombe visivyonywewa chai, watoto wamekatazwa kukanyaga. Kisha twauliza kwa nini chumba hakina utulivu, twakimbilia dira!

Hivi karibuni tulialikwa katika nyumba moja ya namna hiyo, mteremkoni mwa Mlima Rungwe. Makochi yalikuwa makubwa hata miguu ikakosa pa kupita, na mwenyeji wetu, aliyeketi ukuta wa mbali, alilazimika kupaza sauti kama anayehutubia mkutano. Salamu zilipokwisha tulinyamaza sote. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Ndipo mama wa nyumba alipochungulia na kusema, "Karibuni huku jikoni, jamani, kuna moto." Tukaenda, tukapewa vigoda, tukapangana kuuzunguka moto pamoja na bibi na wajukuu, ndizi zikaipuliwa, na mazungumzo hayakukatika mpaka usiku. Mwenyeji alirudi sebuleni mara moja tu, kuzima taa.