Mkituvisha Miwani, Mtuonyeshe na Huruma

Siku ya kuzindua maabara ya uhalisia pepe katika chuo nilichosomea, utepe ulikatwa mara mbili kwa sababu mpiga picha hakuwahi ule wa kwanza. Kulikuwa na hema, soda, hotuba tatu na miwani sita. Sisi makomredi tulikuwa zaidi ya mia moja. Tukapiga foleni, kila mtu dakika mbili. Zamu yangu ilipofika nilivishwa ile miwani nzito, nikajikuta juu ya daraja refu, theluji ikianguka. Kushoto milima, kulia mto ulioganda. Nikanyoosha mkono nishike chuma cha daraja, nikamgonga jamaa aliyekuwa nyuma yangu. Tulicheka sana. Nikapiga selfi, nikaenda zangu hosteli nikiamini kwamba elimu ya uhandisi Kenya sasa imefika.

Miezi minane baadaye nilikuwa mjengoni, digrii kwa bahasha, kofia ngumu kichwani. Tulikuwa tunamwaga slabu ya orofa ya tatu. Jua lilikuwa kali, konkriti ilikuwa nzito, na watu wa mkono wakaanza kulalamika kwamba karai haziendi. Msimamizi akaitisha maji. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mchanganyiko ukawa uji.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimefanya mtihani juu ya jambo hilo hilo: ukizidisha maji bila kuzidisha simiti, konkriti inamwagika kwa urahisi lakini ikishika inakuwa dhaifu. Swali lilikuwa na alama nane, nikapata saba. Lakini pale mjengoni sikujua pa kuanzia. Nimwambie nani? Nimwambieje mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya watu thelathini wanaolipwa kwa siku, kwamba kazi isimame? Fundi mmoja mzee akaniangalia, akasema polepole, "Injinia, si ni wewe umesoma?" Nikajifanya naangalia simu.

Ile slabu bado imesimama. Watu wanaishi juu yake na chini yake. Mvua kubwa ikinyesha Nairobi usiku, mimi huamka.

Kwa hivyo mkiniambia kwamba VR ndiyo itaokoa mafunzo ya uhandisi, nawauliza: itatuvisha tuone nini? Sina vita na miwani. Vita vyangu ni na darasa lisilo na kisa. Darasa ambalo boriti haina mwenyewe, haina bei, haina haraka, haina mtu anayelala chini yake. Boriti ni mstari ubaoni wenye mishale miwili, nawe kazi yako ni kutafuta kani. Ukiipata, umefaulu. Usipoipata, kuna mwakenya.

Kufundisha kwa visa ni kitu kingine kabisa. (Visa, si ile ya kwenda ng'ambo.) Unapewa jambo lililotokea, michoro yake, barua zake, watu wake, kisha unaulizwa: ungefanya nini, na lini? Chukua hoteli ya Hyatt Regency kule Kansas City, Marekani. Vijia viwili vilining'inia ukumbini, kimoja juu ya kingine. Mchoro wa kwanza ulitaka vyuma virefu vitoke darini na kupita kwenye vijia vyote viwili. Wakati wa kutengeneza, mpango ukabadilishwa: vyuma vya kwanza viishie kijia cha juu, na vingine vianzie hapo kushika kile cha chini. Inaonekana ni kitu kidogo, sivyo? Sasa wazia watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameshika kamba kwa mikono yake. Kisha mwambie yule wa chini aachilie kamba, ashike miguu ya mwenzake. Kamba ni ile ile, lakini mikono ya yule wa juu imebeba wawili. Tarehe 17 Julai 1981 vijia vilianguka, watu 114 wakafa. Hesabu yenyewe ni ya mwaka wa pili. Kilichokosekana ni mtu wa kuifanya upya wakati mchoro ulipobadilika, kabla ya kuidhinisha. Wahandisi waliohusika walipoteza leseni zao Missouri.

Kisa hicho nilikisoma mwenyewe kwa simu, nikiwa matatuni, baada ya kumaliza chuo. Ndipo nikajiuliza: na vya kwetu viko wapi?

Aprili 2016 jumba la orofa sita lilianguka Huruma usiku wa mvua. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa tayari limetajwa kuwa halifai kukaliwa, na bado watu walilipa kodi humo. Karibu watu 50 walikufa. Mnakumbuka yule mtoto mchanga aliyeopolewa akiwa hai baada ya siku tatu na zaidi? Sote tulishangilia. Juni 2017 daraja la Sigiri kule Busia, juu ya mto Nzoia, lilianguka kabla halijamalizika, wiki mbili hazijaisha tangu Rais alitembelee. Mei 2018 bwawa la Solai kule Nakuru likapasuka usiku, likasomba zaidi ya watu 40.

Hizo ni maktaba tatu. Udongo, maji, vyuma, vibali, pesa, siasa, yote yamo. Mimi nilikaa darasani miaka mitano na hakuna hata moja lililofunguliwa mbele yangu. Tulizisikia kwenye taarifa ya habari, tukaweka mshumaa kwenye wasifu wa WhatsApp, kesho yake tukarudi kunakili handauti iliyoandikwa kabla sijazaliwa.

Najua mtakachosema. Mashine halisi ni ghali, wanafunzi ni wengi, na huwezi kumpeleka mtoto wa watu kwenye kituo cha umeme wa msongo mkubwa ajifunze kwa kukosea. Ni kweli kabisa. Ndani ya miwani unaweza kufa mara kumi kabla ya chai ya saa nne, ukatoka ukiwa mzima na umejifunza. Marubani wamelijua hili kitambo: kifaa cha Edwin Link cha kumfundishia rubani akiwa chini kilitokea 1929. Lakini tazameni marubani wanafanya nini na vifaa vyao vya leo. Ajali halisi ikitokea, inachunguzwa, ripoti inaandikwa, na kosa lile linaweza kugeuzwa zoezi. Rubani aliye Nairobi anafanyishwa mazoezi ya upepo mbaya uliowaua watu bara jingine. Kifaa kina thamani kwa sababu ya kisa kilichotiwa ndani yake. Kitoeni kisa, mtabaki na mchezo wa video wa bei mbaya.

Na hapo ndipo mnaponikera. Miwani inanunuliwa na programu iliyokuja nayo, daraja la watu wengine, barafu ya watu wengine. Hakuna aliyeketi kuandika cha kwetu. Si ati hatuwezi. Vijana wa Nairobi wanaojenga gemu na katuni wapo, na wengine hawana kazi. Kinachokosekana ni ripoti iliyofunguliwa, mhadhiri aliyepewa muda wa kuigeuza somo, na chuo chenye ujasiri wa kutaja makosa yaliyofanyika hapa hapa, pengine na watu kilichowapa digrii.

Tena kisa hakihitaji hata umeme. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kilianzishwa 1974, na tangu mwanzo wanafunzi wake wamesoma kwa makundi, kila kundi likishika tatizo halisi na kulifia muhula mzima. Wakati huo miwani ya aina hii ilikuwa kitu cha watafiti wachache tu. Kwetu tungeanza na michoro mezani, kipande cha konkriti iliyovunjika, na fundi wa miaka thelathini kazini aliyealikwa darasani na kulipwa kama mgeni wa heshima. Mwulizeni anachofanya mwenye ploti akikataa kununua vyuma vya kutosha. Jibu lake halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Mkishafanya hivyo, leteni miwani, nami nitapiga foleni tena. Ila nivisheni niwe ndani ya jumba la kando ya mto, usiku, mvua inanyesha. Nione ufa kwenye nguzo ya chini. Nisikie watoto wakicheza ngazini. Nipeni kazi ya mkaguzi wa kaunti, mwenye ploti amesimama mlangoni na bahasha, akiniambia, "Mkubwa, hii tutaongea." Nipeni dakika kumi niamue: niandike barua, niwatoe watu, nimpigie nani? Nikikosea, jumba linianguke. Kisha mnivue, mniketishe na wenzangu, tujadili mpaka jioni kwa nini nilichagua nilivyochagua. Hiyo ndiyo maabara. Hata utepe mkiukata mara tano, sitalalamika.

Komredi, muhula huu mwulize mhadhiri wako swali moja tu: jengo gani lililoanguka Kenya tutalisoma kabla hatujamaliza? Uliza mbele ya darasa, kwa adabu, na uulize tena wiki inayofuata. Ukiambiwa halimo kwenye silabasi, ulizeni pamoja ni nani anayeiandika.

Na kama kuna mhadhiri anayetafuta kisa cha kuanzia, mimi ninacho kimoja na niko tayari kuja kukisimulia bila malipo. Kina slabu ya orofa ya tatu, ndoo tatu za maji, na injinia aliyejifanya anaangalia simu.