TAMKO LA WAKUSANYA CHUPA CHAKAVU WA KIGOMBE KUHUSU TANURI LA KUYEYUSHA VIOO MKOANI TANGA

Sisi wakusanya chupa chakavu wa Kigombe, wilayani Muheza, kupitia chama chetu, tunaiomba Serikali ijenge mkoani Tanga tanuri dogo la majaribio la kuyeyusha vioo kwa plazma, yaani kwa cheche ya umeme.

Chupa za soda na bia zina kreti za kurudia. Za pombe kali, sosi na manukato hazina. Hutupwa ovyo, mvua huzisukuma hadi pwani, na maji ya bamvua yakitoka, kina mama wanaokwenda kuchokoa pweza huzikanyaga. Kigae kilichozama kwenye tope la mikoko hakionekani mpaka damu itoke.

Viwanda viko mbali. Kioo Limited iko Dar es Salaam, na kile cha vioo vya madirisha kilichozinduliwa 2023 kiko Mkuranga. Chupa ni nzito na bei yake ndogo. Nauli ya lori huila faida yote kabla mzigo haujavuka Mto Wami.

Tanuri la kawaida la kioo hufikia nyuzijoto 1,500 hivi na, likishawashwa, halizimwi usiku wala mchana kwa miaka 10 au zaidi. Tanuri kubwa namna hiyo chupa za pwani yetu hazitoshi kulilisha. La plazma ni jingine. Cheche yake ni kama ya fundi wa kuchomelea, ila kubwa: umeme hupita katika gesi ya agoni mpaka gesi yenyewe ikawaka kwa maelfu ya nyuzi, na joto hushuka moja kwa moja juu ya vigae. Kioo cha pembeni hubaki kigumu na kukikinga chungu. Mzigo ukiisha, unazima; ukipatikana, unawasha.

Tena, mchanga, magadi na chokaa vikiyeyushwa mara ya kwanza hula joto jingi na kutoa hewa ukaa. Chupa ilikwishapita hatua hiyo. Kila asilimia 10 ya vigae inayoongezwa kwenye mchanganyiko hupunguza nishati kwa takriban asilimia 3.

Upungufu upo na hatuufichi. Kampuni ya Plasmelt ya Colorado, Marekani, ilifanya majaribio ya njia hii kuanzia 2003 kwa msaada wa Wizara ya Nishati ya nchi hiyo. Yalionyesha kuwa ncha za kutolea cheche huliwa na joto, na kioo hutoka na mapovu kisiposafishwa. Ndiyo maana hatuombi kiwanda cha chupa. Tunaomba tanuri la kutengenezea marumaru za sakafu, ambazo povu dogo haliziharibu.

Umeme upo: jirani kuna mitambo ya Hale tangu 1964 na ya Pangani, megawati 68, tangu 1995, na mbali zaidi sasa kuna Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Tanuri linalozimika laweza kufanya kazi usiku wa manane, matumizi yakiwa chini.

Tunapinga kwa nguvu zote tanuri la kuni za mikoko, na tunapinga kuchimba mchanga wa fukwe kwa kisingizio cha kioo. Kigombe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009.

Tunayataka mashirika ya umma ya SIDO, la kuhudumia viwanda vidogo, na TIRDO, la utafiti wa viwanda, yakae nasi kupanga jaribio hilo. Halmashauri ya Muheza itutengee kiwanja cha kukusanyia chupa, chenye mzani unaokaguliwa na bei ya kilo iliyobandikwa mlangoni.

Limetolewa na Uongozi wa Chama, Kigombe, Muheza, Tanga.