HISTORIA SI KUKARIRI TAREHE!

Kijana mwenzangu unayezunguka na mitumba Kariakoo, hivi umeshajiuliza kwa nini Kusini tulibaki nyuma? Shuleni tulikaririshwa "Maji Maji, 1905 hadi 1907", tukapigiwa vema, basi!

Mimi natoka Madaba, Songea. Mtoto wa darasa la sita huku aelezwe hivi: Wangoni walivuka Zambezi mwaka 1835, wakaja huku wakiteka wenyeji. Kisha wao nao wakatekwa na Mjerumani, kwa kodi na kazi za lazima. Watu wakapigana. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 wakanyongwa Songea. Maghala na mashamba yakachomwa. Njaa ikaua wengi kuliko risasi. Alipokuja Mwingereza, vijana wetu wakasombwa kuwa manamba wa mkonge Tanga. Nguvu ikahama, shamba likabaki pori.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha papa hapa Songea. Sawa. Lakini mtoto asiyejua kilichochomwa atajuaje cha kudai?

Ukimkuta mdogo wako anakariri tarehe, muulize: kwa nini? Wakubwa hawalipendi swali hilo. Muulize hivyo hivyo!