Mtego wa Jibu Linalovutia

Imekuwa desturi kwa baadhi ya walimu, mitihani inapokaribia, kuwafundisha wanafunzi mbinu za kubahatisha: jibu refu ndilo sahihi, lenye neno "wote" ni la uongo, na ukishindwa weka C. Desturi hii haina budi kukomeshwa. Karatasi ya maswali 40 yenye majibu manne kila moja humpa hata asiyesoma swali lolote wastani wa alama 10. Hizo si elimu.

Na litazamwe swali moja la hoja. Kila mwalimu wa shule hii aliyehudhuria semina alipata cheti cha uongozi. Mwalimu Juma wa shule hii hakuhudhuria. Lipi ni la lazima? A: Juma hana cheti hicho. B: Semina ilikuwa na manufaa. C: Juma alikuwa mgonjwa. D: Mwalimu wa shule hii asiye na cheti hicho hakuhudhuria semina.

Wengi watakimbilia A. Lakini maelezo hayakusema kwamba cheti hakipatikani kwa njia nyingine. B huenda ni kweli, ila halimo katika maelezo. C ni la kubuni tu. Jibu ni D, ingawa halimtaji Juma kabisa na limepinduliwa kinyumenyume. Mtungaji hodari hulificha jibu sahihi mahali kama hapo.

Tena kosa hili si la watoto peke yao. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alieleza jaribio lake la kadi nne juu ya kanuni ya namna ya "ikiwa hivi, basi vile". Watu wazima wenye elimu walitakiwa kutaja kadi za kufunua ili kuipima kanuni hiyo. Wengi walichagua zilizoelekea kuithibitisha, wakaiacha ile ambayo ingeweza kuivunja.

Ofisini kosa hilo huwaumiza wananchi. Waraka ukisema wastaafu wote waliowasilisha hati kabla ya tarehe 15 watalipwa mwezi huo, karani humwambia mzee aliyefika tarehe 16 kuwa hatalipwa. Waraka umenyamaza juu yake. Karani amechagua A, na mzee ndiye anayegharimia nauli ya kurudi kijijini.

Mwalimu na amtake mwanafunzi aandike sababu kando ya kila jibu analolikataa. Darasa likiwa kubwa kazi hiyo huchosha kusahihisha. Basi maswali matano kwa juma yatatosha.